Usilipe nusu kwa laptopu ambayo haijafika: jibu kwa mama wa Rau

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na mwaka huu anaanza shahada ya uhasibu hapahapa Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika. Nimejikusanyia laki sita na nusu kwa ajili ya laptopu. Kuna duka mjini limetuonyesha tangazo la laptopu mpya itakayoingia karibuni: inchi 14, prosesa ya Intel N100, RAM GB 4, hifadhi GB 128, betri saa 10. Wanasema huko nje itauzwa dola 299, na sisi watatupa kwa 650,000 tukilipa nusu sasa. Binti anaitaka kwa sababu ni mpya, ni nyepesi na haina kelele. Shemeji yangu wa Arusha anasema nisipoteze muda, ninunue iliyotumika. Nimsikilize nani? (Mama wa Rau, Moshi)

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kumfikisha binti hapo. Nianze na pesa, maana ndiyo inayoweza kukutoka wiki hii: usilipe hiyo nusu. Simtuhumu mwenye duka. Anaweza kuwa mtu mwema aliyeahidiwa mzigo na mtu wa Kariakoo, ambaye naye ameahidiwa na mtu wa Dubai. Ila hesabu yake haiingii akilini.

Dola 299, tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi 747,500. Hapo mashine bado iko rafuni Marekani, na bei za rafuni kule huandikwa bila kodi ya mauzo. Ikiingia nchini ikalipiwa VAT ya asilimia 18 tu, inafika 882,050. Bado hujaweka usafiri, ada za forodha, nauli ya mzigo kwenye basi kutoka Dar, na faida ya kila mkono iliopitia. Mtu anayekuahidi kwa 650,000 anaitoa wapi? Ama itakayokuja siyo ile ya kwenye tangazo, ama bei itabadilika mzigo ukifika. Ninayokutana nayo zaidi ni hiyo ya pili: mteja anapigiwa simu, "mama, dola imepanda, tuongezee laki mbili," na kwa kuwa nusu yake imeshaliwa, anaongeza huku moyo unamuuma.

Na wala si wauzaji wetu peke yao wanaoteleza kwenye bei. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza mradi wa One Laptop per Child, laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 ilikuwa imefika kama dola 188. Mwaka huohuo kampuni ya Asus ilionyesha laptopu ndogo ya Eee PC kwa ahadi ya dola 199, na toleo la hifadhi ya GB 4 likaingia sokoni kwa dola 399. Hao walikuwa na viwanda, wahandisi na maagizo makubwa, na bado bei ya mwanzo haikusimama. Laptopu ya bei nafuu hutangazwa kwa matumaini, kisha vipuri vinanunuliwa kwa bei ya soko.

Soko lenyewe sasa hivi halimsaidii mtu anayesubiri. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini, imepanda sana duniani, kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron, wanaotengeneza sehemu kubwa ya RAM yote, wameelekeza viwanda kwenye mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wengi wetu tulizoea kununulia RAM na SSD (hifadhi ya kasi) za wateja. Kampuni inayotaka kutoa laptopu ya dola 299 katika hali hii ina sehemu moja rahisi ya kukata gharama, nayo ni ile uliyoniandikia mwenyewe bila kujua uzito wake: RAM GB 4.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, mama. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Hicho ni kiwango cha mashine kukubali kusimikwa Windows na kuwaka. Kazi ni habari nyingine. Ikishawaka, Windows na programu zake za nyuma zinakuwa zimekula zaidi ya nusu ya hiyo RAM kabla binti hajagusa kitu. Sasa afungue Excel, afungue notsi za PDF, afungue kurasa saba za intaneti, na WhatsApp ya kwenye kompyuta iwe wazi kwa ajili ya kundi la darasa. RAM ikijaa, mashine huanza kuhamishia mambo kwenye hifadhi na kuyarudisha, kila sekunde. Kama hifadhi ni SSD nzuri, utaona uzito kidogo. Kama ni eMMC, aina ya hifadhi ya polepole, kishale kinaganda, herufi zinatokea baada ya kuandikwa, na mtoto anabonyeza tena na tena akidhani kibodi imeharibika.

Na tangazo lako limesema "hifadhi GB 128", halikusema SSD. Kwa bei hiyo, mwuzaji akikaa kimya mara nyingi ni eMMC. Ni hifadhi ya jamii ya ile ya kwenye simu za kawaida. Toleo lake la 5.1 kikomo chake kwenye karatasi ni MB 400 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya aina ya NVMe inazidi hapo mara kadhaa. Ubaya mkubwa kuliko kasi ni kwamba eMMC huchomelewa kwenye bodi, na RAM ya mashine hizi mara nyingi nayo hivyohivyo. Maana yake GB 4 atakazoanza nazo Oktoba ndizo atakazofanyia utafiti wa mwaka wa tatu, siku ambayo SPSS, programu ya takwimu, na dodoso lenye majibu ya watu mia tatu vitakuwa vimefunguliwa pamoja. Fundi hana cha kukuongezea hapo, hata umlipe kiasi gani.

Tulishaliona jambo hili. Laptopu ndogo za miaka ya 2014 hadi 2016, zile za RAM GB 2 na eMMC ya GB 32, zilinunuliwa na wazazi wengi sana wa Arusha na Moshi kwa sababu zilikuwa mpya na za kuvutia. Baada ya muda Windows ikawa kubwa kuliko nafasi iliyobaki, masasisho yakawa hayaingii bila kuchomeka flashi pembeni. Kioo kizima, kibodi nzima, betri bado inashika, lakini mashine haina kazi. Hilo linaniuma kuliko mashine iliyomwagikiwa chai, maana iliyomwagikiwa chai angalau mtu anaisafisha.

Lakini binti yako hajakosea anachokitaka. Sitaki umrudie useme fundi amesema anapenda vitu vya bure. Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023, ni prosesa nzuri kwa kazi za chuo. Ina viini vinne, imekadiriwa wati 6, na kwa umeme mdogo hivyo watengenezaji wengi huiweka bila feni kabisa. Kwa sisi wa huku hiyo ni faida kubwa. Mashine yenye feni iliyokaa mwaka mmoja Kisongo au pembeni ya barabara ya vumbi Pasua, nikiifungua nakuta blanketi la vumbi limeziba mapezi ya shaba mbele ya feni, hewa haipiti, mashine inachemka na kujizima katikati ya mtihani wa mtandaoni. Isiyo na feni haivuti vumbi. Prosesa hiyohiyo Intel wanasema inakubali hadi GB 16 za RAM. Kwa hiyo N100 yenye RAM GB 8 na SSD ya GB 256 ningekwambia isubiri na uiamini. Tatizo la tangazo lako liko kwenye namba mbili tu, na kwa bahati mbaya ndizo mbili ambazo mara nyingi hazibadilishiki.

Saa 10 za betri usizitie maanani. Nyingi za namna hiyo hupimwa kwa kucheza video mwanga wa kioo ukiwa umeshushwa. Muulize mwuzaji betri ni Wh (wati-saa) ngapi. Namba hiyo huandikwa kwenye betri yenyewe na kwenye karatasi ya sifa. Za bei hii mara nyingi ni Wh 35 hadi 40. Mashine nzima, pamoja na kioo na Wi-Fi, ikila wati 8 mtu akiandika na kupekua, basi Wh 38 gawa kwa 8 unapata saa nne na dakika arobaini na tano. Siyo mbaya. Inamaliza vipindi vya asubuhi na kuvuka umeme ukikatika jioni. Ila siyo 10.

Kitu ambacho wateja hawaulizi na ningependa waulize kabla ya rangi na unene ni tundu la chaji. Umoja wa Ulaya umelazimisha laptopu mpya zinazouzwa kwao zichajiwe kwa USB-C kuanzia 28 Aprili 2026, kwa hiyo mashine mpya isiyo na USB-C ya kuchajia leo ni ya kuitilia shaka. Faida yake kwa binti ni hii: pawabenki ya mAh 20,000 inabeba kama Wh 74, na hata ukitoa zinazopotea njiani inaijaza betri ya Wh 38 mara moja na zaidi. Sharti pawabenki iwe ya kutoa wati 45 kwa USB-C. Ile ndogo ya simu ya wati 10 haitamsaidia. Tena chaji ikipotea hosteli, haendi kutafuta ya pini nyembamba ya aina yake pekee, anaazima kwa mwenzake.

Kuhusu kioo sina mengi. Aulizie kioo cha aina ya IPS chenye nukta 1920 kwa 1080. Vile vya aina ya TN, vya nukta 1366 kwa 768, ukiinamisha kidogo rangi zinageuka, na jedwali la Excel linaonekana nusu.

Sasa bawaba. Hii haipo kwenye tangazo lolote, na ni moja ya sababu kubwa za laptopu mpya za bei nafuu kuletwa kwa fundi ndani ya miaka miwili. Ukifungua kava la chini utaona bawaba ya chuma imefungwa kwa skrubu ndogo kwenye vinundu vya shaba, na vinundu vyenyewe vimepachikwa tu ndani ya plastiki. Bawaba ni ngumu, plastiki ni nyembamba. Mtoto anafungua kwa kushika kona moja, kila siku, mpaka plastiki inapasuka na kinundu kinang'oka na skrubu yake. Siku hiyo unasikia "tak", kona ya chini inaachana, na usipoacha kuifungua waya wa kioo unafuata. Tunaweza kujaza gundi ya epoksi na kurudisha kinundu, wakati mwingine inashika muda mrefu, lakini si kama mwanzo. Kwa hiyo ukienda dukani kuona mashine, mpya au ya zamani, fungua kifuniko kwa kidole kimoja katikati. Sehemu ya chini ikinyanyuka pamoja nacho na pembeni ya bawaba pakaachia ufa hata wa unene wa karatasi, iache. Na binti umfundishe kufungua katikati.

Tuje kwa shemeji. Ana haki, ila amekupa nusu ya ushauri. Kwa laki sita na nusu, iliyotumika ninayoweza kumpa mtoto wangu ni zile za ofisini za mwaka 2018: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 5490. Vifuniko vyake ni vigumu kuliko hivyo vya plastiki nyembamba, RAM inatolewa na kuongezwa, SSD inabadilishwa kwa bisibisi, na uzito wa hizo mbili za mwanzo ni kama kilo moja na nusu, kwa hiyo hata hoja ya wepesi si kubwa kama binti anavyodhani. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya nyuma inayochomoka, hivyo ya nyuma ikichoka unanunua hiyo peke yake bila kufungua mashine.

Ila mtumba una mitego, na mkubwa ni kibandiko cha "Core i5". Kibandiko hicho hakisemi chochote cha maana. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo washa mashine, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu mashine, usome jina zima la prosesa. Ikiwa i5-8250U au i5-8350U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, chukua. Ikiwa i5-7300U au i5-6300U, rudisha mezani hata kama inang'aa. Watakuonyesha Windows 11 tayari imo ndani; inaweza kuingizwa kwa ujanja, lakini Microsoft hawahakikishi kuwa itaendelea kupata masasisho. Mashine hizi kwa nje zinafanana sana, T470 na T480 ukiziweka pamoja wengi hawatofautishi, na tofauti ya bei inaweza kuwa elfu hamsini tu. Hiyo elfu hamsini toa.

Kingine, zima mashine, iwashe tena ukibonyeza F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP au F2 kwa Dell, uingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine (BIOS). Ikikuomba nenosiri kabla ya kukuingiza, ni mali ya kampuni fulani ambayo haikufunguliwa vizuri, au imetoka mahali pasipoeleweka. Ondoka. Halafu mwambie kijana wa duka aandike "powercfg /batteryreport" kwenye dirisha la amri. Itatoka ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya asilimia 60, punguza kwenye bei gharama ya betri mpya, na uweke maneno hayo mezani bila aibu, maana mwuzaji anajua. Kibodi nayo iangalie: zilizotoka Ujerumani zina Z na Y zimebadilishana nafasi, za Ufaransa zinaanza na A badala ya Q. Wengine hubandika stika juu. Mtu anayejifunza kuandika kwa kasi zitamsumbua.

Usishawishiwe na Chromebook za bei ya chini zilizotoka shule za Marekani. Kwa kuandika na kusoma ni nzuri, lakini Tally ya uhasibu na SPSS hazisimikiki humo, na ambayo shule haikuiondoa kwenye mfumo wake itakuomba akaunti ya shule hiyo hata ukiifuta upya.

Kwa hiyo mpango wangu kwako ni huu. Nenda kwa mwenye duka, mwulize maswali matatu kwa upole: RAM inaongezwa au imechomelewa, hifadhi ni SSD au eMMC, na waranti anaitoa nani hapa nchini. Akikujibu kwamba kuna toleo la GB 8 na SSD, mwambie utakuja kulinunua siku ukiliona limewaka, kwa risiti ya EFD, bila advansi. Kwa bei halisi huenda likafika milioni na ushee, na hapo uamuzi ni wa familia. Hela ya boom (mkopo wa kujikimu chuoni) ikiingia binti anaweza kuchangia, ingawa mimi ningependa boom iwe ya kula na kulala kwanza.

Kama chuo kinafunguliwa kabla hilo halijatokea, nunua T480 au 840 G5 yenye RAM GB 8 na SSD GB 256. Kama haitumii pesa yote, baki na elfu themanini hadi laki, usiimalize: hiyo ni ya begi lenye sponji, flashi ya kuhifadhia nakala za kazi zake, na betri mbele ya safari. Omba wiki mbili za kurudisha na ziandikwe nyuma ya risiti, pamoja na namba ya mashine. Wiki ya kwanza binti aitumie kwa nguvu, awashe kila kitu kwa pamoja, achomeke kila tundu, apige simu ya video saa nzima. Kasoro nyingi za mtumba hujitokeza humo.

Ukiipata ya kuiangalia, kabla ya kutoa hela nitumie picha tatu: ukurasa wa jina la prosesa, ripoti ya betri, na kona mbili za bawaba kifuniko kikiwa wazi. Nitakujibu siku hiyohiyo, na mwambie shemeji asikuharakishe.